Doa Kwenye Udongo wa Lakeville

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchimba hata kijiko cha udongo. Profesa, mkuu wetu wa uwandani, alinipa mwiko, ule ule wa mwashi, akaniamuru nikwangue ukuta wa shimo mpaka nione rangi.

"Rangi gani?" nikauliza.

"Ukiiona utaijua," akasema, akaenda zake kunywa kahawa.

Nilimchukia mpaka saa tisa alasiri. Ndipo nikaziona: tabaka jeusi, la kahawia, la manjano, kila moja na zama zake.

Nilikuja kutoka Tanzania kusoma akiolojia, nikabaki, kampuni moja ya mji wa Saint Paul ikaniajiri. Ninyi vijana mnaoniuliza tulipata dhahabu kiasi gani, poleni. Kazi yetu ilikuwa kuyatangulia matingatinga. Kabla nyumba hazijajengwa tulichimba vishimo kwa mstari shamba zima, tukapitisha udongo kwenye chekeche na kuandika tulichokiona. Mara nyingi tuliona misumari na vizibo vya soda.

Profesa alikuwa Mslovakia. Kwao alikuwa mwanaakiolojia, halafu diwani, halafu mbunge, halafu wapiga kura wakamwangusha naye akaja huku. Siasa haikumtoka. Hata kugawa sepetu alihutubia. Yeye alimwita kila dereva wa tingatinga kwa jina na kumuulizia hali ya mama yake, kama mtu anayeomba kura. Tulimcheka sana, na tulimpenda.

Kisha tukapelekwa Lakeville, kwenye shamba la mahindi lililokuwa linageuzwa mtaa wa nyumba za familia. Katika shimo moja nikaona doa. Ardhi ikishachimbwa na kufukiwa, hairudi kuwa kama ilivyokuwa, rangi huchanganyika. Doa lile lilikuwa na urefu wa mtu. Ukikuta kitu kama hicho unatakiwa usimame, uarifu ofisi ya jimbo, na wazee wa kabila la Dakota waitwe, maana wao walikuwa hapa kabla ya sisi sote.

Meneja wa ujenzi akainama kutazama. "Shabani, hilo ni shimo la mti. Mti ukioza huacha doa. Lakini ukisimamisha kazi hapa, mkataba wenu ndio basi."

Kibali changu cha kuishi nchini kilitegemea ajira ile. Nikaandika kwenye fomu: mzizi wa mti. Sitafuti visingizio. Niliogopa.

Jioni Profesa aliisoma fomu akiwa amesimama kando ya gari.

"Mti?"

"Mti, Profesa."

Akageuza ndoo, akaikalia. "Nilipokuwa diwani kulikuwa na makaburi ya kale nje ya mji wetu. Nusu yake niliyachimba mwenyewe. Wakaja watu wa barabara, walitaka ipite pale pale. Wananchi walitaka ajira, mimi nilitaka ubunge. Nikanyoosha mkono kukubali. Nikajiambia kwamba mambo ya maana nimeshayaandika kitabuni. Ubunge niliupata. Na kila nilipopita barabara ile, nilizima redio ya gari."

Hakunikaripia. Angenikaripia ningejitetea. Alinirudishia fomu na kalamu, na mimi nikafuta na kuandika: huenda ni kaburi.

Hapo ndipo nilipoona siasa inafaa nini. Profesa alikaa vikao na wajenzi na wazee wa Dakota, akisikiliza kuliko alivyosema, jambo ambalo kwake lilikuwa adhabu. Wazee walisema ni kaburi la watu wao; mwishowe ramani ya mtaa ikapindishwa, na kipande kile kikaachwa kiote majani, hakikuchimbwa tena. Mkataba wetu ulikufa kweli, na ajira zetu nazo. Kampuni nyingine ilituchukua wote wawili wiki chache kabla kibali changu hakijaisha, na zile wiki sikulala vizuri.

Profesa alifariki kabla sijastaafu. Mimi sasa naishi Fridley na magoti mawili mabovu, zawadi ya kazi. Nilipofanyiwa upasuaji wa goti, nesi aliyenihudumia alikuwa Mkenya, Wambui. Nilipopona akanialika chai kwake, Lakeville. Tulipokata kona, nikaujua ule mtaa. Dirisha la jikoni kwake linatazama kipande kile cha majani.

"Hiyo plot imekaa tu bure, Mzee," akasema akimimina chai. "Tuliuliza kama tunaweza ku-extend driveway tuegeshe gari la pili, wakakataa kabisa. Sijui wanangojea nini."

Kwa desturi ya kazi yetu hatutangazi lilipo kaburi. Wadadisi na wezi hawakosi. Lakini jirani ni jirani.

"Kuna mtu amelala pale," nikamwambia. "Tangu zamani sana."

Akaweka birika chini. "Wacha! Na sisi kila winter tuki-shovel, theluji yote tunamrushia yeye."

"Theluji haimuumizi, mama."

"Hata kama, Mzee."

Msimu wa baridi uliofuata nilienda tena kuwasalimu. Theluji ilikuwa imeanguka wiki nzima. Kipande kile kilikuwa cheupe, sawasawa, kama theluji ilivyoshuka yenyewe. Theluji yote ya Wambui na mumewe ilikuwa imerundikwa upande wa pili, imemeza nusu ya maegesho yao, na gari moja limeachwa barabarani. Nikazima injini, nikakaa kidogo garini. Nilitamani sana Profesa angekuwepo kuliona rundo lile.