Jumatatu Niliyokuwa Suji

Wanaosema sisi mawakili wa wasio na uwezo ni wavivu hunikera sana. Niliwahi kuchelewesha rufaa ya mtu, na haukuwa uvivu.

Mteja wangu alikuwa gerezani, na rufaa yake ilikuwa tayari kwenye faili, mezani kwangu mjini Same, ikisubiri kuwasilishwa mahakamani. Alhamisi baba yake akafariki. Nikapanda milimani, kijijini kwao Suji, kuzika, nikiamini nitashuka Jumapili.

Baada ya mazishi mama wa mteja wangu alinishika mkono. "Mwanangu hayupo. Kaa wewe mahali pake mpaka tuanue matanga."

Nani angekataa? Anayesema angekataa hajawahi kufiwa Upareni. Nilihesabu siku za rufaa kichwani, nikahesabu vibaya. Niliposhuka Jumatano, muda ulikuwa umekwisha tangu Jumatatu.

Nilikwenda gerezani kumwambia. Habari za msiba alikuwa nazo. Hili la rufaa hakulijua. Nilimweleza kwamba sasa lazima tuombe kuongezewa muda, na kwamba mahakama itataka nieleze kwa kiapo kila siku iliyopotea nilikuwa wapi na nilifanya nini. Nilitamani anitukane, walau nipumue.

Akauliza, "Wakili, ulimtupia baba udongo?"

"Nilimtupia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kwa niaba yako."

Akajifuta macho kwa kiganja.

"Basi waandikie hivyo."