Watoto Wawili Niliowaficha Forest

Nilikwenda Ubelgiji nikiwa na hasira. Miaka tisa nimekuwa diwani wa kata yetu, huku milimani kaskazini ya Kigoma, na miaka yote tisa nimegombana na halmashauri kwa jambo moja, makasha ya dawa. Zahanati yetu inapewa kasha moja, ya kata ya jirani inapewa mawili. Nikiuliza, bwana mipango wa halmashauri ananionyesha karatasi, ananiambia kinachotoka serikali kuu kinagawanywa kwa idadi ya watu, na watu wenu ni hawa. Mimi nimeishia darasa la pili. Lakini nilianza kwa kubeba madebe ya mawese kichwani na leo nina lori na mashine mbili za kusaga, kwa hiyo hakuna wa kunifundisha mgawo. Nilisema mbele ya kikao kwamba wanatuibia.

Binti yangu Zuhura, aliyeolewa na Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, wakakimbilia Brussels vita vilipoanza, ndiye aliyeniandikia. Njoo baba uwaone wajukuu, na uone wenzetu wanavyogawana chao, labda moyo utatulia. Tiketi akaituma.

Kigoma hadi Dar es Salaam ni treni, siku mbili na kitu, vumbi hadi kwenye meno. Kutoka Dar ni ndege, na habari zake sina, kwa sababu nilifumba macho hadi iliposhuka.

Brussels nilifika asubuhi ya mwezi wa kumi na moja, mvua ndogo ndogo isiyojua kuacha. Zuhura alilia. Mumewe, Haruna, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Wanakaa mahali panaitwa Forest, ghorofa ya tatu, mtaa wenye mteremko. Mezani nilikuta watoto wanne. Wawili ni wa Zuhura. Wawili, Rashidi na Mwajuma, ni wa marehemu kaka yake Haruna, aliyeuawa Bujumbura. Walikuwa na wiki sita tu pale.

Jioni ile Zuhura alinieleza shida yao. Kule mji umekatwa vipande, kila kipande kinaitwa komini, mfano wa halmashauri zetu. Komini ilikuwa haijawaandika Rashidi na Mwajuma kuwa wakazi wa nyumba ile. Polisi wa mtaa angekuja kuhakikisha kwa macho yake. Wasipoandikwa, ofisi ingeweza kusema hawana kwao, wakapelekwa nyumba ya kulelea watoto. Alieleza yote hayo taratibu, lakini mimi niliposikia neno polisi, masikio yangu yaliishia hapo.

Jumamosi tulikwenda barabara ya Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Wakongo, kununua sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Aliyetupeleka kwa gari lake ni jirani wa chini, Kalenga, mtu wa Likasi huko Kongo, fundi wa kiwanda cha magari. Ananiita papa, ndiyo baba kwa lugha yao. Tulipomaliza kununua hakurudi nyumbani, akaifuata barabara ile ile hadi mwisho wa mji, mahali panaitwa Auderghem. Huko nyumba zina bustani, na nyuma yake ni msitu.

Akaniuliza, serikali ikigawa, nani anapata zaidi kwa kila kichwa, hawa au sisi wa Forest?

"Hawa," nikasema. "Wakubwa si ndio wanakaa huku? Anayekaa karibu na chungu ndiye anayeshiba."

Kalenga alicheka hadi akapunguza mwendo. Akaeleza kwamba serikali kubwa inakusanya, inakatia majimbo matatu, na Brussels ni moja ya hayo matatu. Jimbo nalo linakatia komini kumi na tisa. Wanatazama ni watu wangapi wameandikwa, wangapi hawana kazi, wangapi wanasaidiwa kula. Kwa hiyo kichwa cha Forest kinavuta zaidi ya kichwa cha Auderghem.

"Ba-riche, batajiri ba huku, banalialia kila mwaka," alisema, "donc na wao wako na kilio yao. Lakini muntu mwenye hakuandikwa, papa, ule havute kitu. Ni kama hakuzaliwa."

Nilimwambia huo ni ujinga wa Wazungu, kumpa zaidi asiyefanya kazi. Lakini ule mgawo wa kichwa kwa kichwa ulinikaa, kwa sababu yalikuwa maneno ya bwana mipango wetu.

Jumatano mchana shule za kule hufungwa mapema. Zuhura alikuwa kazini kwa wazee anaowahudumia, Haruna kazini, mimi na watoto wanne ndani. Kengele ikalia. Nikachungulia dirishani nikaona kofia ya polisi.

Sikufikiri hata kidogo. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo kwamba anayekuja kuhesabu watu anakuja kuchukua watu. Ukiulizwa una watoto wangapi, jibu ni Mungu ajua. Niliwashika Rashidi na Mwajuma, nikawaingiza bafuni, nikaweka kidole mdomoni. Wametoka Bujumbura, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwajuma alimziba mdomo kaka yake kwa kiganja.

Polisi alikuwa kijana mpole. Aliwaelekezea kidole wale wawili wa Zuhura, akaninyooshea vidole, wangapi? Nami nikanyoosha viwili. Akatazama huku na huku, akaandika, akanishukuru, akaenda zake.

Zuhura aliporudi nilimsimulia kwa majigambo, jinsi babake alivyomshinda polisi wa Kizungu bila kujua Kifaransa. Alikaa kwenye kiti na koti lake mwilini, akasema, baba, sasa imeandikwa kwamba wale wawili hawakai hapa. Haruna alipoingia akaambiwa. Alikwenda jikoni akabandika maji ya chai, akaniletea kikombe kwa mikono miwili kama siku zote. Afadhali angenitukana.

Alhamisi asubuhi nilishuka mwenyewe kwa Kalenga, nikamweleza. Yeye siku hiyo alikuwa zamu ya mchana.

"Ulificha batoto babili," akasema. "Bon. Umeibia commune, umeibia shule, na umeibia batoto benyewe. Na kule kwenu, papa, munaandikaka bantu namna gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Sensa ilipopita kwetu, ni mimi niliyezunguka usiku kabla yake, kijiji kwa kijiji, nikiwaambia watu wasitaje watoto wote. Watu walinisikiliza. Mwenye saba alitaja watatu. Mwaka uliofuata, kwenye uchaguzi mdogo, walinichagua diwani, nikaanza kuipigia kelele halmashauri kwamba inatupa dawa kidogo. Wagonjwa wetu ni wa nyumba za watoto saba, kasha ni la nyumba za watoto watatu. Bwana mipango hakuwa mwizi.

Nilimwambia Kalenga avae koti anipeleke komini.

Jumba la komini ya Forest ni la matofali, lina mnara wa saa. Unachukua kikaratasi chenye namba, unasubiri. Haruna tulimpigia simu, akaomba ruhusa kazini akaja na makaratasi ya marehemu kaka yake. Tulipoitwa, tulikuta mama mwenye miwani nyuma ya meza. Kalenga aliniinamia sikioni. "Papa, tuseme batoto balikuwa inje, balienda kuchezea chini. Iko rahisi."

"Hapana. Mwambie nilidanganya."

"Papa, ile ni kupinga polisi. Watamutafutia Haruna mambo."

"Haruna hakuwapo. Nilikuwapo mimi. Mwambie watoto ni wanne, na wawili niliwatia bafuni kwa mkono wangu."

Akamwambia. Yule mama aliacha kuandika, akaniuliza sababu. Nikasema, "Mwambie babu yangu alihesabiwa na Wabelgiji. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia walipita kwetu, wakahesabu wanaume wa kila nyumba, kesho yake wakawachukua kubeba mizigo. Hakurudi."

Kalenga alitafsiri polepole, mara mbili. Mama yule alivua miwani, akaivaa tena. Hakusema pole, na mimi sikuitaka. Aliyachukua makaratasi ya Haruna, akayapiga picha kwenye mashine, akasema polisi atarudi Jumatano ijayo, watoto wote wawepo.

Jumatano ya pili ndiyo siku niliyoogopa kuliko zote za safari yangu. Polisi alikuwa yule yule. Niliwasimamisha watoto sebuleni, Haruna na Zuhura pembeni. Nilimwekea kila mtoto mkono kichwani nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, jambo ambalo sijalifanya kwa watoto wangu mwenyewe. Polisi akaandika. Kabla sijaondoka barua ilifika, na Zuhura akanisomea majina yote manne.

Kigoma nilirudi mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekata barabara ya kwetu. Niliitisha mkutano kwenye uwanja wa zahanati. Nikamwita mtendaji wa kata aje na daftari jipya la wakazi, nikawaambia watu kwamba kasha letu la pili nililichukua mimi, siku nilipowafundisha kuficha watoto. Wengine waliguna. Mzee mmoja aliuliza kama Wazungu wamenilisha kitu.

Nililojifunza ni hili tu, nikawaambia. Serikali inaweza kukudhulumu, lakini usiianze kazi hiyo wewe.

Akasimama mama mmoja nyuma, muuza mihogo. "Diwani, tuanzie kwako. Wewe una watoto wangapi?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Nilitazama lile daftari, mtendaji ameshika kalamu.

"Kumi na mmoja nilizaa," nikasema. "Walio hai ni wanane. Andika wanane."

Akaandika. Yule mama akaja akajipanga nyuma yangu.