Shati la Nahodha

Kazi yangu ni kufasiri hati. Ofisi yangu iko Wattaya, hapa Maskati, juu ya duka la magari, na kwa miaka mingi nimekuwa nikigeuza Kiarabu kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiarabu kwa watu wanaonunua magari, wanaooana na wanaoachana. Kwenye kadi yangu niliandikisha kwamba nafasiri pia Kiswahili. Nilifanya hivyo kwa maringo tu. Kiswahili changu ni cha nyumbani, cha familia iliyotoka Unguja: cha kukaribisha wageni, kukaripia watoto na kusengenya kwa adabu. Hakuna mteja aliyewahi kukihitaji.

Kisha vita vikafika baharini, upande wetu huu, na wakala mmoja wa meli akanipigia simu. Meli ya mizigo ilikuwa imezamishwa na nyambizi. Mabaharia waliookolewa waliletwa Maskati na kuwekwa katika hoteli ndogo ya Azaiba. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, mpishi wa meli, ambaye Kiingereza chake hakikutosha, na wakili wa bima alitaka kumsikiliza.

"Unayamudu mambo ya kivita?" wakala akaniuliza.

"Bila shaka," nikasema, mimi ambaye maji ya bahari hayajawahi kunivuka vifundo vya miguu.

Nilipokata simu, hapo hapo nikampigia mama yangu.

"Mama, topido Kiswahili chake nini?"

"Nani huyo?"

"Si mtu. Kombora linalopita chini ya maji, likazamisha meli."

"Astaghfirullah! Na wewe walitakia nini?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Mimi nnajua chombo kikizama kimezama," akasema. "Hayo mengine kawaulize waliokizamisha. Na huyo kijana ameshakula?"

Asubuhi ya miadi nilisoma sheria za vita vya baharini kwenye simu, juu ya kahawa, hata nikajiona amiri jeshi. Nilijua sasa kwamba manusura wa meli iliyozama hapigwi risasi, hatupwi na hadhihakiwi. Nikavaa abaya yangu ya mikutano, nikajifukiza udi, nikabeba jalada kubwa lisilokuwa na kitu ndani.

Mpishi alikuwa mtu wa Tanga, wa makamo, mpole, amevaa nguo za msaada zilizompwaya. Mgongo wa mikono yake ulikuwa ukibambuka kwa jua.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengine, kuhusu haki zake. Nikaishia kwenye pole.

Mkalimani husema maneno ya mtu kana kwamba ni yake. Mtu akisema "niliumwa", mkalimani naye asema "niliumwa". Ndiyo kanuni, na najivunia kuishika. Basi mpishi akaanza: ilikuwa alasiri, alikuwa anaoga, ana povu machoni, mara meli ikapigwa kutoka chini na kuruka kama sufuria iliyopigwa teke. Akakimbilia sitahani na taulo kiunoni. Alipojirusha majini, taulo likabaki juu.

Hapo nikasita. Mbele yangu walikuwa wakala, mtu wa makamo mwenye kilemba kilichonyooka, na wakili kijana. Mimi ni bibi wa watu, mwenye wajukuu. Nikasema kwa Kiingereza, "Nilikuwa nimevaa nguo nyepesi."

Wakili akaandika. Mpishi akaendelea: kwenye boya la mpira la kuokolea watu, alikovutwa na wenzake, jua lilikuwa linamchoma, na nahodha, pandikizi la mtu, akavua shati lake jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, akamvisha. Lilimfika mapajani. Nahodha mwenyewe akabaki na fulana.

"Samahani," wakili akasema. "Kama alikuwa na nguo nyepesi, shati la nini tena?"

Wakala akanitazama. Mpishi akanitazama. Nikakohoa.

"Ninasahihisha," nikasema, nikiitazama chupa ya maji. "Nilikuwa uchi."

Wakala akainamisha kilemba chake chote. Nilijua anacheka kwa kuwa mabega yalikuwa yakimtikisika. Mpishi, aliyelielewa neno hilo la Kiingereza vizuri, akasema polepole, "Mama, ungesema tu."

Kisha hakuna aliyecheka tena. Alituambia nyambizi iliibuka karibu nao, nyeusi, maji yakiporomoka ubavuni. Watu wenye bunduki wakatoka juu. Wale kwenye boya wakashikana mikono. Fundi mmoja mwenye mguu uliovunjika akaanza kusali kwa sauti. Mmoja wa wale wenye bunduki akauliza kwa kipaza sauti nahodha ni nani. Kabla hawajajibu, akamwonyesha kidole mpishi, kwa sababu ya mistari ya dhahabu.

"Ukafanya nini?" wakili akauliza.

"Nikaanza kusimama," mpishi akasema. "Si ushujaa, mama, mwambie vizuri. Mtu mwenye bunduki akikuita, unasimama. Na nilifikiri, nikisema si mimi, wataniuliza ni nani basi."

"Halafu?"

"Kapteni akanishika bega, akanikalisha. Akaniambia, 'Kaa chini, utaonekana tupu.' Akasimama yeye, na fulana yake. Akasema, 'Nahodha ni mimi.'"

Nilifungua kinywa niseme kwa Kiingereza, nahodha ni mimi. Ni maneno machache. Hayakutoka. Wakili alingoja na kalamu yake, nami nikajaribu tena, na badala ya maneno kikatoka kitu kama kwikwi ya mtoto. Mkalimani wa mambo ya kivita! Mpishi ndiye aliyeinuka, akanimiminia maji, akasimama karibu yangu mpaka nikanywa.

"Pole mama," akasema.

Nilipopata sauti nikamalizia. Nyambizi ilimchukua nahodha. Wale watu waliwateremshia manusura madumu ya maji, biskuti na dawa za yule fundi, wakawaonyesha upande wa nchi kavu, kisha nyambizi ikarudi chini ya maji. Meli nyingine ya mizigo iliwakuta kesho yake. "Nilisema asante walipotupa maji," mpishi akasema mwisho. "Wametuzamishia meli, wamemchukua mtu wetu, na mimi nasema asante. Hilo ndilo linaloniuma."

Nilikuwa na vifungu vyote vya sheria kichwani. Kwamba maji yale yalikuwa haki yake, si hisani. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua ataiweka wapi.

Mama hakutaka kusikia lolote mpaka kijana aletwe nyumbani. Ijumaa nikamfuata hotelini. Ili kumchangamsha nikapita njia ya ufukweni, na katikati ya njia ndipo nikakumbuka ninambeba nani na ninamwonyesha nini. Nikakata kona ghafla, gari la nyuma likapiga honi kama harusi.

"Mbona tunakimbia, mama?" akauliza. "Kule kulikuwa na upepo mzuri."

Na nyumbani nilikuwa nimepika samaki wa kupaka. Nilipofunua chungu nikaona nimemletea bahari tena, nikatamani kujifunika mimi. Alikula wote, akamsifu mama, na mama akapokea sifa zote ingawa mpishi nilikuwa mimi.

Alirudi Tanga baada ya muda. Miezi ikapita, kisha akanipigia simu ya video nikiwa kwa mama, na kabla ya salamu akasema, "Kapteni ameachiwa!" Alikuwa amekonda, akasema, lakini mzima; wale wa nyambizi walimpa kitanda na chakula chao, wakamshusha katika bandari ya watu wengine wasiopigana. Amewapigia mabaharia wake wote, mmoja mmoja. Fundi anatembea kwa mkongojo.

"Na wewe wafanya nini sasa?" mama akaninyang'anya simu.

"Nimepata meli, bibi. Naondoka wiki hii."

"Meli? Huna akili? Tafuta kazi ya nchi kavu, mwanangu!"

"Nchi kavu nimeshaijaribu, bibi," akasema. "Kule hawataki mpishi, wanataka mpishi mwenye cheti."

Mama akamgombeza kwa Kiswahili, akaongezea kwa Kiarabu, kisha akamsomea dua ndefu, na yeye akawa anaitikia amina, Mkristo yule, kila mama alipovuta pumzi.