Hadithi ya Mchana

Kijiji chetu kiko pale mto Ruvu unapojigawa vijito kabla ya kuingia baharini. Enzi ya Mwingereza hakuna kwetu aliyekuwa na hati ya shamba. Tulikuwa na hadithi. Kila ukoo na yake, na mipaka yote imo humo: mti gani, kijito gani, nani alitangulia. Yetu alikuwa nayo bibi, mama mzaa mama, aliyenilea. Kuisimulia ilikuwa kazi yake, na baada yake ingekuwa yangu.

Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito akaingiwa na tamaa. Akadai shamba letu la mpunga lilifyekwa na baba yake. Muongo! Baba yake tulimjua, hata uani kwake nyasi zilimfika magotini. Lakini alishtaki, tukaitwa kwa akida. Shamba jingine hatukuwa nalo, wala mwanamume nyumbani. Likienda lile, tungekula nini?

Tulitoka alfajiri kwa miguu. Mimi nilikuwa mwari, nimetolewa ndani mwezi uleule, na mwari hafungui mdomo mbele ya wanaume. Jirani alisema yake upesi, mashahidi wake wawili wakaitikia. Kisha akida, mtu wa mbali aliyezoea makaratasi, akamgeukia bibi kwa adabu kabisa.

"Haya bibi, nawe tupe hadithi ya shamba hili."

Bibi akageuka. Akatazama mlangoni, jua lilivyokuwa likiwaka. "Hadithi ipo, bwana," akasema. "Lakini si mchana huu."

Kwetu anayesimulia hadithi mchana huota mkia. Watoto huambiwa hivyo ili wasiache kazi, lakini bibi aliushika hasa mwiko huo. Hata kitendawili alingoja magharibi. Angeulizwa habari za shamba, angeeleza mpaka wamchoke. Neno moja tu! Kosa nililiona palepale. Ningesema, muulize habari, bwana, yangekwisha. Nikainamisha kichwa, mwari mwenye adabu zake. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi.

Watu wakacheka. Akida akamuuliza mara ya pili kwa neno lilelile, bibi akatikisa kichwa, na akida akaona anakwepa. Shamba akapewa jirani. Sisi tukaruhusiwa kuvuna mpunga uliosimama, basi.

Siku ya mwisho ya kuvuna, jua likiwa utosini, bibi aliweka kisu chini, akakaa juu ya tuta.

"Paukwa," akaniambia.

Nikashtuka, nikamkumbusha kuwa ni mchana.

"Paukwa, nimesema."

"Pakawa," nikaitika.

Akaisimulia yote: mto ulivyozibwa na mchanga, kiboko jike mwenye mimba alivyopasua matope akitafuta maji ya kuzalia, mto ukamfuata nyuma, na mama wa ukoo wetu akapanda mikindu katika nyayo za kiboko yule ili mto usisahau njia. Kila mkindu alinionyesha kwa kidole. Ilikuwa imesimama mpakani, mikubwa, mtu yeyote angeletwa pale angeiona.

Alipomaliza alipeleka mkono nyuma, akapapasa kiuno juu ya kanga. Hakukuta kitu. Hapo ndipo alipolia.