Malori Yaliyosubiri Nyuma ya Kibanda cha Chai

Kageha alisomea ufundi wa magari katika chuo cha ufundi, na mpaka leo huinusa breki kabla ya kuigusa. Yeye na Sajini Simiyu wamekuwa wakikagua malori juu ya mteremko unaoshukia Mamboleo. Chini kuna soko, ambapo mama yake Kageha, Nabwire, huuza viazi vitamu ukingoni mwa barabara.

Jumatatu moja Simiyu alileta habari mbaya.

"Mkubwa amelinganisha ajali za kabla yetu na za sasa. Hazijapungua. Ijumaa tunaondolewa."

"Lakini karibu kila lori tunalokagua ni zima, Afande."

"Hilo ndilo linalomshangaza."

Lilimshangaza Kageha pia. Alitazama barabara. Lori walilotoka kulikagua, likipanda, liliyamulikia taa malori yaliyokuwa yakija kushuka, kama ilivyo desturi ya madereva kuonyana. Baada ya hapo barabara ikawa tupu.

"Afande, tunawapima wanaokubali kupimwa. Wengine wakionywa husimama. Twende kwenye kile kibanda cha chai huko juu."

Nyuma ya kibanda malori yalikuwa yamejipanga kama ng'ombe wanaongoja maji. Wakhisi, dereva wa lori la mchanga, aliinua kikombe.

"Madam, hata chai siku hizi inakaguliwa?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Ingia ukanyage breki, tafadhali."

Kageha alisukuma vigingi vya mbao mbele ya magurudumu, akapiga magoti pembeni. Harufu ya kuungua ilimpanda puani. Wakhisi akaachia breki ya mkono. Lori likasogea, mbao zikalia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, Mama! Nimekanyaga hadi mwisho!"

Kicheko kilikatika. Gurudumu lilianza kupanda juu ya kigingi, taratibu, kuelekea barabara ya sokoni. Simiyu alibingirisha jiwe kubwa mbele yake. Lori likagota, likatulia.

Wakhisi alivuta breki ya mkono, akashuka, akalitazama soko kule chini.

"Nilikuwa nangoja mwende kula mchana, ndipo niteremke," alisema kwa sauti ndogo.

Simiyu alimpigia mkubwa simu papo hapo, akamweleza yote. Mkubwa aliwaongezea mwezi mmoja, kisha akauliza kituo kitahamia wapi.

Simiyu alimgeukia Kageha. Huko juu, lori jingine lilikuwa limemulikiwa taa, nalo likipunguza mwendo, likitafuta pa kujificha.

"Mwambie kila siku pengine," Kageha alijibu, akichomoa vigingi vyake. "Na asitangaze."