Kifuniko cha Pili cha Mwanapili

Asubuhi ile Mwanapili aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kifuniko cha injini mapajani, akikisugua kwa brashi ya waya kama mtu anayemwogesha mtoto mkaidi.

"Chai iko wapi?" Boga, mumewe, aliuliza.

"Iko jikoni. Miguu unayo, au nayo nikusugulie?"

Boga akajichukulia chai. Sukari haikuwamo. Akainywa hivyohivyo. Mwanamke mwenye brashi ya waya mkononi haulizwi sukari.

Waliishi Msambweni, nyuma ya soko. Boga alibeba abiria na magunia kwa Landrova kuukuu iliyochokwa na hoteli moja ya Diani. Mwanapili alioka mkate wa sinia na kuuza. Mtoto hawakujaliwa. Watu wakianza kumpa pole, Mwanapili aliwaonyesha gari.

"Mwana si huyo? Anakula, analala, anajikojolea mafuta uani, na hasemi asante."

Ugomvi wake na vifuniko vya injini ulianzia kwenye harusi ya Tiwi. Gari lilichemka njiani, bibi harusi akiwa ndani. Boga akafungua boneti. Sharif, mwanyumba wake aliyemuoa dada yake Mwanapili, akachungulia.

"Injini hii ina ukurutu, au ni macho yangu?"

Wote wakacheka. Hata bibi harusi alicheka, naye siku ile hakutakiwa kuinua uso.

Kweli ukurutu ulikuwapo. Injini ile ina vifuniko viwili juu, kimoja kila upande, mafundi huviita tapeti kava. Zamani vilikuwa vyekundu. Sasa rangi ilikuwa imebanduka, imebaki mabaka na mafuta yaliyogandamana. Mwanapili peke yake ndiye ambaye hakucheka. Kesho yake alitaka vifunguliwe.

Fundi alimwambia rangi ya injini haishiki mpaka ichomwe kwenye tanuri, na tanuri iko Ukunda.

"Tanuri?" akasema Mwanapili. "Na mimi mikate yangu naianika juani?"

Akachukua sufuria yake pana ya mikate. Kifuniko alikuwa ameshakisugua, akakipiga msasa, akakifuta kwa tina, ile dawa ya kuondoa mafuta, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Akapuliza rangi nyembamba, akangoja, akapuliza tena. Kisha mkaa chini, na mkaa juu ya mfuniko. Akatupa unga kidogo ndani ya sufuria kupima moto. Unga ulipogeuka rangi ya biskuti, ndipo akakiingiza. Kilitoka chekundu, kinang'aa hata mtu angeweza kujipaka wanja mbele yake.

Wiki ile mikate ilinuka rangi. Subira, jirani yao, akarudi na kipande mkononi.

"Mwanapili, mkate wako unanuka gari jipya!"

"Na wewe gari jipya umelipanda lini? Kula, mwanangu, ndiyo nafasi yako."

Hicho kilikuwa cha kwanza. Cha pili ndicho kile cha mapajani, asubuhi ile. Adhuhuri alisema kifua kinamwaka, akaenda kujinyoosha. Alasiri haikumkuta.

Wakamzika kwao Gazi.

Gari likabaki uani, upande mmoja wa injini umefunikwa leso ya Mwanapili ili vumbi lisiingie. Majirani walipita wakaiona, wakanong'ona kwamba mzee ameanza kuivika injini nguo. Boga aliwasikia. Hakuitoa.

Arobaini ilipokaribia, Sharif alikuja.

"Mwanyumba, wasomaji wa hitima lazima wafike Gazi. Nitatafuta gari."

"Gari lipo."

"Lile lililovaa leso?"

"Lipo."

"Basi pakaza rangi yoyote, ufunge, twende zetu."

Boga akayapima moyoni. Kuipeleka hitima ya Mwanapili kwa gari la kuazima, hapana. Kwenda na kifuniko kimoja chekundu na kimoja kina ukurutu, hapana vilevile. Mwanapili angetoka kaburini kuja kumtukana, na wasomaji wangetawanyika kabla ya pilau.

Akaanza. Akapiga msasa. Tina akairuka, maana aliona kifuniko ni kisafi. Rangi akaipuliza mara moja tu, nzito, mpaka ikachuruzika. Mkaa akaurundika hata mfuniko ukawa mwekundu. Alipofunua, rangi ilikuwa imefura malengelenge, moja kubwa limetuna katikati kama chapati.

Boga aliitazama chapati ile. Akacheka. Alicheka peke yake mpaka akaketi juu ya mbuzi ya Mwanapili, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Subira, upande wa pili wa ua, akaanza kuwaita kuku wake kwa sauti kubwa. Kuku wenyewe walikuwa miguuni pake.

Akakwangua yote. Safari hii akafuta kwa tina, kitambaa baada ya kitambaa. Akapuliza nyembamba, akangoja, akapuliza tena. Kisha ikabidi afungue debe la unga. Hakuwa amelifungua tangu siku ile. Kifuu alichochotea Mwanapili kilikuwamo, kimezama nusu. Akachota kwa vidole, kifuu akakiacha palepale.

Unga wa kwanza uliungua ukawa mweusi. Akapunguza mkaa. Wa pili ukageuka biskuti. Akaingiza.

Kilitoka chekundu. Lakini hakungoja kipoe vizuri, akakishika, na dole gumba likabaki limechapika ukingoni. Akaliacha.

Siku ya arobaini wasomaji walipanda na kanzu zao. Kabla ya Gazi gari likachemka, kama kawaida yake. Boga akafungua boneti, wanaume wakakusanyika. Sharif akachungulia.

"Hiki chenye dole ni chako."

"Changu."

"Cha Mwanapili hakina doa."

"Hakina."

Maalim Muzammil, aliyekuwa akienda kuongoza dua, naye akainama.

"Mashallah. Lakini Mzee Boga, taabu yote hii, na kitu chenyewe kinafungiwa humu ndani! Nani atakiona?"

Swali hilohilo Boga alimuuliza Mwanapili siku ile alipokitoa cha kwanza kwenye sufuria. Boga angeweza kumjibu Maalim kwa adabu. Kanzu zote zilikuwa zinamtazama. Lakini jibu halikuwa lake, asingeweza kulipunguza hata neno. Akaishusha boneti, akawaambia, marehemu alisema hivi:

"Na chupi yangu anaiona nani, Boga? Mbona kila siku naifua?"