Chekechea ya Nekesa

Tangu mkewe azikwe, Mzee Wabwire alishinda nyumbani na mjukuu wake Nekesa, aliyepewa jina la huyo marehemu. Mama wa mtoto, akienda kazini, alimwambia atafute chekechea nzuri. Mzee hakujua kusoma, basi herufi zilizochorwa kwenye kuta za chekechea hazikumwambia kitu.

Chekechea ya kwanza ilikuwa safi kama hospitali. Lakini mwalimu alipoingia, watoto walinyamaza ghafla na kuinamisha vichwa. Mzee akamshika Nekesa mkono, wakatoka.

Ya pili ilikuwa mtaa wa Mbotela, chumba kimoja chenye mkeka. Mwalimu Kavata alikuwa akimfuta mtoto kamasi.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Mke wangu."

Kavata akacheka, maana kwao Ukambani pia babu na mjukuu hutaniana hivyo. "Basi niambie, bwana harusi, mke wako hulala vipi mchana?"

Kule kwingine hawakuuliza hilo. "Hupigwapigwa mgongo," akasema. "Bibi yake ndiye alimzoesha. Mkono wangu mzito, anaukataa."

"Kaa hapo kwenye benchi uone."

Baada ya uji, Kavata akamweka Nekesa begani, akampigapiga taratibu. Mtoto akalialia, akahangaika, mwisho akalala fofofo. Mzee akajifuta macho kwa kofia, akaenda zake.

Jioni alipomfuata, alimkuta kwenye duara akiimba na wenzake.

"Kuka, ngoja kwanza," Nekesa akamwambia babu yake.

"Nangoja, mke wangu," akasema, akajikalia zake mlangoni kuwasikiliza.